Je, Yafaa Kuunda Chama Kipya?

Kwa miezi kadhaa sasa wasomaji wetu wa Mwanza, na hasa wa visiwa vya Ukerewe na mialo ya Ilemela na Sengerema, wametuletea swali moja kwa maneno mbalimbali. Wasema wamechoka. Waliipigia kura CCM, hawakuona walichotumaini. Wakaipigia CHADEMA, hawakukiona pia. Na sasa vijana wao wawauliza kama si afadhali kuunda chama kipya, au kuiacha siasa kabisa. Wazazi wengine wamekataza jambo hili lisitajwe hata wakati wa chakula. Sisi twaona kwamba swali likiulizwa kwa adabu lastahili jibu, na nyumba isiyolizungumza itawaacha vijana wake wakajibiwe barabarani.

Kwanza tuseme wazi kwamba malalamiko haya si ya uvivu. Katika uchaguzi wa mwaka 2010 watu wa Mwanza walifanya jambo lililoishangaza nchi. Nyamagana walimwangusha Bwana Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani, wakamchagua Bwana Ezekia Wenje wa CHADEMA. Ilemela walimwacha Bwana Anthony Diallo, aliyepata kuwa waziri, wakamchagua Bwana Highness Kiwia wa chama hicho hicho. Ukerewe nao walimwacha Bibi Getrude Mongella, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, wakamchukua Bwana Salvatory Machemli, naye wa CHADEMA. Miaka 5 baadaye majimbo yale mawili ya mjini yakarudi CCM. Basi tazama mwendo wa wakubwa wenyewe: Bwana Masha, aliyeangushwa na CHADEMA, alijiunga na CHADEMA hiyo hiyo mwaka 2015, na mwaka 2017 akatoka. Ukerewe walichagua tena mbunge wa CHADEMA mwaka 2015, Bwana Joseph Mkundi. Mwaka 2018 akahamia CCM, na akarudi Bungeni kwa jina la chama hicho. Mvuvi wa Ukara aliyepanga mstari tangu alfajiri ili apige kura ya upinzani alijikuta ana mbunge wa Serikali, wala hakuna aliyemwuliza.

Mtu akiyaona hayo akasema kwamba vyama hivi viwili ni milango miwili ya nyumba moja, twaweza kumsahihisha kidogo, lakini hatuwezi kumwita mwongo.

Wengine watajibu kwamba vyama vimejaa, maana vilivyoandikishwa vyakaribia 20, na mwenye kuchoka achague. Jibu hilo ni rahisi mno. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 2015, Dkt. John Magufuli wa CCM alipata asilimia 58.46, na Bwana Edward Lowassa wa CHADEMA, aliyeungwa mkono na vyama vya UKAWA, akapata asilimia 39.97. Yaani katika kila kura 100, zaidi ya 98 zilikwenda kwa watu wawili, na hao wawili walikuwa wameketi katika chama kimoja mpaka miezi michache kabla ya hapo. Aliyewafuata, marehemu Bibi Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, hakufikia hata asilimia moja. Mwaka 2017 aliteuliwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, na kabla mwaka haujaisha akajiunga na CCM. Bwana Lowassa naye alirudi huko mwaka 2019. Katika utaratibu wa uchaguzi wetu mwenye kura nyingi jimboni huchukua kiti chote, na wa pili hapati hata mguu wa kiti. Kwa hiyo mpiga kura mwenye akili huogopa kuipoteza kura yake kwa wa tatu. Basi wa tatu hubaki mdogo kwa sababu ni mdogo.

Hata ushindani huo wa wawili haukuwapo mwaka 2025. Mwezi wa Aprili Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba CHADEMA, kilichokataa kutia sahihi kanuni za maadili ya uchaguzi kikidai kwanza sheria zirekebishwe, hakitashiriki. Na mwenyekiti wake, Bwana Tundu Lissu, alikuwa kizuizini kwa shtaka la uhaini. Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Oktoba, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Siku ile na zilizofuata damu ya watu ilimwagika katika miji yetu, na Mwanza haikusalimika. Idadi ya waliokufa yabishaniwa. Hatutaki kuongeza ubishi juu ya makaburi; lakini mzazi anayemwambia mwanawe kwamba siasa haimhusu ajue kwamba wako waliokuwa majumbani mwao, na siasa ikawafuata huko.

Sasa, chama kipya cha nini? Hapa ndipo twatofautiana na wengi wa waliotuandikia. Wao wataka kiongozi mpya. Sisi twauliza ni jambo gani la watu ambalo vyama vilivyopo havilibebi.

Pwani ya Ziwa majibu yapo tele. Tuchukue mfano wa nyavu. Mwaka 2018 ilikuja Operesheni Sangara, na nyavu zilizohesabiwa haramu zikateketezwa kwa moto mwalo baada ya mwalo. Hatusemi kwamba kokoro ni halali. Kokoro huzoa sangara na sato wachanga, na anayelivuta anakula chakula cha wajukuu wake. Lakini wavuvi wengi walikuwa wamenunua nyavu zile dukani mchana kweupe, wengine kwa mikopo, nao walitaka kujua ni kwa nini moto ulianza kwao na si kwa aliyezitengeneza na kuziuza. Swali hilo lilihitaji mtu wa kulisimamisha na kulishikilia mwaka baada ya mwaka. Halikupata chama cha kulishikilia. Na hapa pana jambo la ajabu: Bwana Luhaga Mpina, aliyekuwa waziri wa uvuvi wakati wa operesheni ile, mwaka 2025 aliiacha CCM, akateuliwa na ACT-Wazalendo agombee urais, kisha Tume ikamwengua. Wako watu wa mwaloni waliokuwa tayari kumpigia kura. Twataja hayo si kwa kumdhihaki, ila kuonyesha kwamba chama kikishika mtu badala ya jambo, aliyechomewa wavu na aliyeamuru uchomwe hujikuta chini ya bendera moja, na habari ya wavu haitajwi tena.

Mwanza ilikwisha kuona chama kipya cha namna nyingine. Katika miaka ya kwanza ya 1950 mkulima wa pamba wa Usukuma alichukua mzigo wake kwa mnunuzi, na mizani ilikuwa mali ya mnunuzi. Mkulima aliona jiwe likiinama, akaambiwa ratili ambazo hakuziamini, akapokea fedha, akaenda zake kimya. Kijana mmoja, Paul Bomani, pamoja na wenzake, wakazunguka vijijini wakiwakusanya wakulima wapime pamba yao wenyewe kabla ya kuiuza. Kutokana na mizani hiyo vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana hapa Mwanza katika Victoria Federation of Co-operative Unions, vikafika hata kununua viwanda vya kuchambulia pamba. TANU ilipoanzishwa Dar es Salaam mwezi wa Julai 1954, malenga Saadani Abdu Kandoro alikuwamo miongoni mwa waasisi kwa ajili ya Jimbo la Ziwa. Mwaka ule ule Serikali ya kikoloni ikaikataza TANU katika nchi ya Wasukuma, na katazo hilo likadumu hadi mwaka 1958. Chama kilipigwa marufuku kwa miaka hiyo yote, na hakikufa! Kilikuwa na watu wake tayari, wanaojuana, wanaolipa ada, wanaojua kilichowakutanisha. Mwaka 1958 watu wa Geita walipoandamana hadi Mwanza kulikataa baraza la mchanganyiko wa mataifa walilowekewa, hawakuwa wakimfuata mtu mashuhuri aliyegombana na wenzake.

Tena tukumbuke upande wa pili wa habari hiyo. Mwaka 1965 nchi ilibaki na chama kimoja kwa sheria Bara na kimoja Zanzibar, na mwaka 1976 Serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika. Chama kilichozaliwa na mizani kilishiba kikasahau mizani. Twasema hivi kwa sababu wako wanaodhani kwamba ubaya wote ulianza mwaka 1992 vyama vingi viliporudi.

Wasomaji wawili watatu wametuuliza kwa faragha kama chama hicho kipya kisiwe cha Waislamu. Hapana. Sheria yakataza chama cha dini au cha kabila, lakini hata isingekataza, jambo hilo lilikwisha kujaribiwa. Katika miaka ya mwisho ya 1950 palikuwa na AMNUT, kilichotaka Uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu ya kutosha, na Waislamu wenyewe wakakikataa. Sheikh na mchungaji wa Ukerewe huvuka maji kwa kivuko kimoja. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 200 walizama pasipo kuulizwa dini zao.

Pia tumeonywa tutazame Unguja, na onyo hilo lina uzito. Mwaka 1959 kilitokea huko chama cha tatu, ZPPP, baina ya Afro-Shirazi na Hizbu. Katika uchaguzi wa Januari 1961 kilipata viti 3. Wawili wakaenda kwa Hizbu, mmoja kwa Afro-Shirazi, na Baraza likawa 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni, na katika ghasia watu 68 wakauawa. Chama cha tatu kisicho na jambo lake huwa jiwe la kutupwa katika mizani ya wengine.

Anayetaka kuanza sharti aujue mlango wenyewe. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 yataka chama, baada ya kupata usajili wa muda, kilete ndani ya siku 180 wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua 10, na miongoni mwa hiyo uwepo mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Kwa hiyo watu wa Ziwa hawawezi kuwa na chama cha Ziwa. Wala mtu mwaminifu wa Ukerewe hawezi kusimama peke yake bila chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani tangu miaka ya 1990. Mahakama ya Rufani ilimkatalia mwaka 2010, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyo Arusha, ikamkubalia tarehe 14 Juni 2013. Hukumu ipo, sheria haijabadilishwa. Kwa maoni yetu dai la mgombea binafsi ndilo lingetangulia dai la chama kipya, kwa maana vyama vikubwa vingeogopa kumdharau mtu ambaye aweza kusimama bila wao.

Lakini kwa kuwa mlango huo umefungwa, twasema ndiyo, chama kipya chafaa, kwa masharti haya: kianze kwa diwani na mwenyekiti wa mtaa, na urais kisuguse kwa miaka 10, kiishi kwa ada ya wanachama, si kwa fedha za tajiri mmoja mwenye mitumbwi, na kijulikane kwa jambo lake kabla ya kujulikana kwa uso wa mtu. Mwanza yatakiwa kutoa watu 200 tu. Hao hupatikana asubuhi moja katika soko la samaki la Kirumba Mwaloni kabla jua halijakausha dagaa. Na ikiulizwa ni nani atakayeshika daftari la ada, sisi twawapendekeza akina mama wa vikoba wa soko lilo hilo, ambao huhesabu fedha mbele ya macho ya wote na kumtoza faini aliyechelewa, hata akiwa mke wa diwani.