Kitabu kimo maktabani, lakini nani ajuaye kiko wapi?

Umewahi kupanda matatu hadi mjini Jumamosi asubuhi, ukafika maktabani na kuambiwa kitabu unachotaka "kinafaa kuwa hapo, we angalia tu"? Ukaangalia. Rafu ya kwanza, ya pili, ya saba. Shingo ikauma kwa kuinamisha kichwa ukisoma migongo ya vitabu. Saa mbili baadaye ukatoka na picha za kurasa tatu za kitabu kingine kabisa, na wiki iliyofuata ukawasilisha insha iliyojaa vitu ulivyookota kwa simu.

Kosa si lako. Na tuwe wakweli, si la mkutubi aliyekuwa zamu pia. Hawezi kukariri vitabu elfu ishirini kichwani.

Viongozi wetu wakizungumzia maktaba hupenda majengo. Jengo hupigwa picha, utepe ukakatwa. Katalogi haina utepe. Lakini maktaba isiyo na katalogi unayoweza kuitafuta ni stoo tu yenye viti.

Kwa nyinyi mliozaliwa simu zikiwepo: zamani kila kitabu kilikuwa na kadi zake ndogo ndani ya droo za mbao. Moja kwa jina la mwandishi, nyingine kwa kichwa cha kitabu, nyingine kwa mada. Kadi moja ikirudishwa pahali si pake, kitabu kimepotea hata kama kiko rafuni mbele yako. Kule Marekani, shirika la OCLC, lililokuwa likichapishia maktaba kadi hizo, lilichapisha za mwisho Oktoba 2015. Huku kwetu bado kuna maktaba ambapo daftari na kumbukumbu ya mzee mmoja anayekaribia kustaafu ndiyo mfumo.

Halafu kuna suala la majina. Shaaban Robert utamtafuta kwa S ama kwa R? Riwaya ya Weep Not, Child ilipotoka 1964, jalada lilikuwa na jina James Ngugi. Baadaye mwandishi akawa Ngũgĩ wa Thiong'o. Sasa wewe mwanafunzi utafute wapi: N, T ama W? Na hivyo vijialama juu ya herufi, nani huhangaika kuviandika kwa kibodi ya simu? Katalogi nzuri ya tarakilishi huyaunganisha majina hayo yote, kiasi kwamba ukiandika lolote kati yake unaletewa vitabu vyake vyote, pamoja na kujua kama kipo rafuni au kimeazimwa. Lakini uunganishaji huo haujifanyi wenyewe. Mtu huketi chini akauingiza.

Hapo ndipo mambo huharibika. Kaunti hununua tarakilishi kumi, wageni wakaja, hotuba zikatolewa, kisha mashine zikageuka za kuchezea muziki. Hesabu ni rahisi. Chukua maktaba yenye vitabu 20,000. Mfanyakazi mmoja akiingiza 40 kwa siku, hizo ni siku 500 za kazi, karibu miaka miwili. Je, kuna bajeti iliyomtaja mtu huyo? Mara nyingi iliyotajwa ni mashine peke yake.

Na hata miaka miwili hiyo inaweza kupunguzwa. Tangu miaka ya 1960 maktaba duniani zimekuwa zikitumia muundo mmoja wa rekodi, MARC, ulioanzia Library of Congress kule Washington, ambao huwezesha tarakilishi ya maktaba moja kusoma rekodi ya nyingine. Kwa vitabu vingi, mkutubi huhitaji tu kuingiza nambari ya ISBN, rekodi nzima ikavutwa kutoka kwingine. Na sikiza hii: Library of Congress imekuwa na ofisi hapa Nairobi tangu 1966, kazi yake kukusanya machapisho ya eneo letu. Ndiyo maana unaweza kuketi Umoja au Kisauni, ukafungua katalogi ya Washington kwa simu, ukaona riwaya ya Kiswahili iliyochapishwa Nairobi. Kama nakala yake iko katika maktaba ya kaunti yako, hapo huna namna ya kujua hadi upande matatu. Hiyo ni aibu, wala tusiipambe.

Pesa? Usiambiwe programu ni ghali. Kuna mfumo uitwao Koha, neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Ulitengenezewa maktaba za wilaya ya Horowhenua, New Zealand, zilizohofia mfumo wao wa zamani ungekwama mwaka 2000 ukifika. Ulianza kazi Januari 2000, wakaamua kuugawa bure kwa yeyote. Vyuo kadhaa humu nchini vinautumia. Ni kweli, bure haimaanishi hakuna gharama: kuna seva, kuna stima, kuna mtu wa kurekebisha mambo yakikwama. Huyo mtu wa mwisho anaweza kuwa wewe. Wahitimu wa taaluma ya maktaba na teknolojia wanatembea na bahasha za kaki mjini wakitafuta hata atachimenti.

Kuna rafiki zangu husema haya yote ni kupoteza wakati kwa sababu kila kitu kiko kwa intaneti. Jaribu kutafuta riwaya ya Kiswahili ya miaka ya sabini, usome yote, bure na kihalali. Nitakungoja.

Jambo moja la kuchunga. Mfumo ukijua nani ameazima nini, utajua pia nani anasoma kuhusu virusi vya HIV, talaka au siasa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Maktaba itakayoweka katalogi kwenye tarakilishi iseme wazi rekodi hizo zitakaa muda gani na ni nani atakayeziona.

Katiba ya 2010 iliweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufaa kufika katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na umma lazima ushirikishwe. Vikao hivyo huwa vitupu, wazee wachache na chai. Nenda. Usiulizie tarakilishi ngapi zitanunuliwa. Ulizia vitabu vingapi vimeingizwa kwenye katalogi mwaka huu, nani anaviingiza, na kama mtu akiwa nyumbani anaweza kutafuta kwa simu. Kisha uandike jibu la diwani wako, na tarehe.