Bi harusi, mchanga au kioo kitupu?



Siku hizi bi harusi akija dukani kwangu kupimwa gauni, mazungumzo hayaishii kwenye shela na mikono. Tunafika mpaka nyumba mpya: makochi, mapazia, na sasa tangi la samaki wa baharini lenye matumbawe. Wiki iliyopita mmoja akaniuliza, "Dada, chini nimwage mchanga au niache kioo kitupu?" Nikamwambia aache kitupu. Akashangaa, maana kwake mchanga mweupe ndio uzuri wenyewe. Naomba nijieleze.

Tangi langu la kwanza nilimwaga mchanga mwingi, kina chake kama sentimita 10, nikitaka lifanane na ufukwe wa kwetu. Mabaki ya chakula na kinyesi yakazama ndani bila mimi kuyaona. Huko chini hewa haifiki, na uchafu ukioza pasipo hewa hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu kwa samaki. Siku niliyohamisha jiwe kubwa, mchanga ulifumuka na harufu ikapanda. Asubuhi nikakuta samaki wawili wamekufa. Simlaumu mtu, niliiga picha bila kuuliza.

Fundi yeyote anajua kuwa gauni likimchoma mvaaji, tatizo liko ndani, kwenye bitana na mishono, si kwenye lulu za nje.

Kioo kikiwa kitupu, uchafu unauona na unaufyonza kwa mpira wakati wa kubadilisha maji. Pia unaweza kuwasha pampu kwa nguvu. Matumbawe mengi hupenda maji yanayotembea, lakini penye mchanga laini, pampu kali huurusha na kuyafunika.

Najua mtasema mchanga una faida, na ni kweli. Bakteria wanaoishi ndani yake huibadilisha amonia inayotokana na kinyesi cha samaki, isije ikawaua. Lakini bakteria hao hao huishi pia kwenye mawe yenye vitundu. Kwa hiyo ukiacha kioo kitupu, usibane kwenye mawe. Na anayesema kioo kitupu hakipendezi, avute subira: kadiri miezi inavyopita, mwani mgumu wa rangi ya waridi na zambarau huweza kukitandaza wenyewe.

Hata hivyo, wapo samaki wanaolala kwa kujifukia mchangani, na wengine huchimba mashimo ya kuishi. Ukiwapenda hao, usiwanyime kitanda chao. Weka mchanga maalumu wa matangi ya baharini, si ule wa kujengea, kina cha sentimita 2 au 3 tu, ukiwa umeoshwa. Ila wapo wanaohitaji zaidi ya hapo, basi uliza kabla hujanunua. Mawe yatangulie kukaa juu ya kioo, mchanga ufuate, ili samaki akichimba yasimwangukie. Wa ufukweni uacheni ufukweni. Sehemu ya mchanga ule mweupe tunaoringia imesagwa na pono, anayetafuna mwamba kwa meno yake na kuutoa ukiwa unga.

Sote tunakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha atoke akajitafutie. Samaki wa tangini naye hana pa kwenda. Kwa hiyo kabla hujauliza sebule itapendeza vipi, jiulize huyu uliyemfungia anahitaji nini. Chagua samaki kwanza, sakafu ifuate. Na kama hujamchagua bado, na ndoa ni changa na kazi za nyumbani ni nyingi, anza na kioo kitupu. Angalau uchafu wako utauona.

Bi harusi wangu ameondoka akisema atakwenda kufikiri. Mimi langu nimeshasema.

Wabillahi tawfiq.