Kilichobadili Nia za Vijana wa Kondele

Kila nipitapo Kondele, karibu na ile hospitali kubwa ambayo wenyeji huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, huwasikia vijana wakizungumzia tohara bila haya. Miaka ishirini iliyopita mazungumzo hayo yangezusha ugomvi. Kwa jadi Mjaluo hakutahiriwa. Alama yake ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini. Wanasiasa wa kwingine waligeuza jambo hilo kuwa tusi, wakidai kwamba asiyetahiriwa hafai kuongoza nchi.

Ni nini basi kilichogeuza nia za watu? Kuna watakaojibu kuwa ni sayansi. Kweli, utafiti uliofanyiwa vijana 2,784 hapa Kisumu ulisimamishwa Desemba 2006, baada ya kudhihirika kwamba tohara hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke. Lakini takwimu pekee hazimwondoi mtu katika msimamo aliokwisha kuufungamanisha na heshima ya kabila lake. Ukimwambia kuwa wazee wake walipotoka, ataziba masikio.

Tena tusisahau yaliyotukia Januari 2008. Katika ghasia za baada ya uchaguzi, wanaume wa Kiluo walikamatwa Naivasha na kwingineko, wakatahiriwa kwa nguvu. Mwaka huohuo serikali ikaanzisha mpango wa tohara ya hiari! Nani angeutarajia ufanikiwe?

Ulifanikiwa, kwa maoni yangu, kwa sababu haukumtaka mtu aikane asili yake. Tohara iliitwa kinga ya afya, si jando. Wazee walishauriwa, wakiwemo waliokuwa na shaka, naye Raila Odinga, Waziri Mkuu wa wakati huo, akaiunga mkono hadharani. Uamuzi akaachiwa kijana mwenyewe. Kufikia 2012, waliotahiriwa Nyanza (Wakisii, ambao hutahiri tangu jadi, wamo katika hesabu hiyo) walikuwa wameongezeka kutoka chini ya nusu hadi takriban thuluthi mbili ya wanaume.

Sehemu kubwa ya fedha za kazi hiyo ilitoka Marekani, ambayo ilisimamisha misaada yake Januari 2025. Nyembe na ganzi serikali yetu inaweza kununua. Ninaowahofia ni wahamasishaji, wale vijana waliowafuata wenzao sokoni na viwanjani wakajibu maswali yao kwa subira. Mvulana aliyezaliwa 2012 hakuusikia mjadala ule. Nani atamweleza kwamba kinga hii si kamili, na kwamba baada ya kupona bado atahitaji kondomu?