Jiki na dawa ya choo zisichanganywe

Dawa ya kung'oa madoa chooni mara nyingi ni asidi. Jiki ni kinyume chake: maji yenye sodiamu hipokloriti, yaliyowekewa besi ili yasiharibike. Anayesugua sinki la choo na kuona doa la njano limegoma hudhani ni busara kumwaga vyote viwili, kimoja kikishindwa kingine kisaidie. Mara macho yanachuruzika machozi na kifua kinabana. Hiyo ni gesi ya klorini, na imetengenezwa palepale.

Gesi hiyohiyo iliwahi kuwa silaha. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia zaidi ya tani 150 za klorini, upepo ukaipeleka hadi kwenye mahandaki ya wanajeshi wa Ufaransa. Kinachotoka chooni ni kidogo mno kulinganisha na hicho, lakini choo nacho ni kidogo, na dirisha lake pengine ni tundu la tofali moja. Tena klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu. Hutanda chini, palepale alipoinama mwenye brashi.

Kiwandani, jiki hupatikana kwa kuingiza klorini ndani ya maji ya kostiki soda. Nusu ya atomi za klorini hupokea elektroni na kuwa kloraidi, ileile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Nusu nyingine hupoteza elektroni na kuishia kwenye hipokloriti, inayong'arisha nguo. Kupokea na kupoteza huko ndiko walimu wanakokuita redoksi. Besi ndiyo inayozuia pande hizo mbili zisirudiane. Asidi ikiingia, besi inaishiwa nguvu na kazi yote ya kiwandani inarudi nyuma: kloraidi inatoa elektroni, hipokloriti inapokea, na klorini inatoka ikiwa gesi. Hata siki au maji ya limau yanaweza kuanzisha hayo. Jiki ikikutana na mkojo uliolala, amonia iliyomo huzaa sumu nyingine, kloramini.

Mada hizo zote zimo katika kemia ya sekondari. Tanzania huzifundisha kwa Kiingereza, kila moja katika sura yake, na mwanafunzi hukariri litimasi inavyobadilika rangi bila kuambiwa kwamba asidi, besi na redoksi hukutana katika choo cha kwao. Hilo ni kosa, na linarekebishika. Somo moja kuhusu chupa ya jiki, likielezwa kwa Kiswahili ambacho mtoto atakipeleka kwa mama yake na kwa dada wa kazi, lina thamani kuliko milinganyo kumi ya kukariri.

Mtaani hatari ni kubwa zaidi. Jiki na dawa ya choo hupimwa kutoka kwenye madumu na kuuzwa ndani ya chupa za maji ya kunywa, bila lebo, na mnunuzi hutambua kilichomo kwa rangi tu. Wauzaji hao wasifukuzwe. Bei yao ndiyo inayowawezesha wengi kusafisha vyoo, na usafi huo huzuia kipindupindu. Lakini Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ikishirikiana na halmashauri, idai angalau karatasi iliyobandikwa kwenye kila chupa: jina la kilichomo, na onyo la kutochanganya.

Wakati hilo linasubiriwa, kila nyumba ijue la kufanya. Aliyevuta gesi atoke nje mara moja, asirudi kumalizia usafi, na macho yake yaoshwe kwa maji mengi. Maziwa, ambayo wengi huyakimbilia, huenda tumboni ilhali gesi imeingia mapafuni. Akiendelea kukohoa au kubanwa pumzi apelekwe hospitali, hata kama alipata nafuu mwanzoni, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.