Wanasiasa, Tuandikieni Barua

Kila msimu wa kampeni nina safari yangu moja. Napanda basi Shinyanga mjini, nalala Kahama, asubuhi nashika njia ya Masumbwe na Katoro mpaka Geita. Nafuata mikutano ya hadhara kwa sababu ndiyo kazi inayoniweka mjini. Nimefanya hivyo 2015, nimefanya 2020, nimefanya tena 2025, na kila mara namuuliza mtu wa timu ya mgombea swali lilelile: kesho mkitaka kuwaambia kitu watu hawa hawa waliokuja leo, mtawapataje?

Huwa ananitazama kama nimemuuliza njia ya kwenda mwezini. Halafu anajibu moja kati ya mawili. "Tutarudi." Au, "Tutaposti."

Hawarudi. Na wakiposti, anayeamua nani aone ni kampuni iliyoko ng'ambo, na anayeamua kama mtandao uwe wazi ni ofisi iliyoko Dar es Salaam. Wao hawana kitu mkononi. Wamegawa fulana, kofia na khanga, wamelipa spika, mafuta na msanii, wamekusanya uwanja mzima wa watu, halafu wameondoka bila anwani hata moja.

Hoja yangu ni nyepesi. Kampeni inayojiheshimu ianze na daftari la anwani, na anwani ya kwanza iwe ya barua pepe. Watu walioridhia wenyewe waandikiwe barua ya maana, mara moja kila wiki mbili, kabla ya uchaguzi, wakati wa uchaguzi, na hasa baada ya uchaguzi. Nawaandikia ninyi wapenzi wa fasihi kwa sababu barua ni mali yenu, na wanasiasa wetu wameitelekeza.

Tukumbushane ya 2020. Oktoba ile TCRA iliagiza kampuni za simu zisimamishe huduma za meseji na simu za mkupuo, kuanzia tarehe 24 Oktoba hadi 11 Novemba. Uchaguzi ulikuwa tarehe 28. Nilikuwa namfuatilia mgombea mmoja wa ukanda huu ambaye mkakati wake wote ulikuwa ni meseji hizo, pamoja na kundi moja la WhatsApp lililojaa watu 256, ambacho ndicho kilikuwa kikomo cha wakati ule. Meseji zikazuiwa. Siku moja kabla ya kura mitandao ya kijamii nayo ikaanza kugoma. Kisha admini wa kundi, kijana aliyekuwa na kinyongo cha posho, akalizima kundi akaondoka zake. Mgombea akabaki na gari la matangazo na sauti iliyokauka. Nilimwonea huruma, lakini nilijiuliza: bwana, miezi yote ile ulikuwa unakusanya nini?

Wazee wetu wa kanda hii walikuwa na akili kuliko sisi katika jambo hili. Kuanzia 1954 serikali ya mkoloni iliinyima TANU nafasi ya kufanya kazi Usukumani, na hali hiyo ikaendelea mpaka 1958. Mkutano wa hadhara wa chama hukuweza kuuitisha. Lakini kulikuwa na vyama vya ushirika vya pamba, ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani. Sisemi ushirika na TANU vilikuwa kitu kimoja. Nasema ushirika ulikuwa na kitu ambacho chama cha leo hakina: daftari la wanachama kijiji kwa kijiji, na katibu anayejua kusoma na kuandika. Mwaka 1958, watu wa Geita walipolikataa baraza la mseto walilopangiwa na serikali, maelfu walitembea mpaka Mwanza kupinga. Watu hawakusanyiki hivyo kwa spika peke yake.

Mwaka huohuo Nyerere alipandishwa kizimbani kwa kuwakashifu maofisa wa serikali. Kilichomponza kilikuwa maandishi yake katika Sauti ya TANU, karatasi ndogo ya chama iliyokuwa ikisambazwa kwa wanachama. Akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, akalipa faini. Fikiria hilo. Dola nzima ilikasirishwa na karatasi, kwa sababu karatasi hukaa.

Sasa turudi kwetu. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa mwaka 2016, na Rais Samia akaiondolea zuio tarehe 3 Januari 2023. Ni zaidi ya miaka sita. Chama ambacho 2015 kingeondoka na anwani za watu 20,000 tu wa ukanda huu kingekuwa na miaka sita ya kuzungumza nao polepole, bila jukwaa, bila kibali. Hakuna aliyefanya hivyo. Zuio lilipoondolewa, wote walirudi viwanjani kuanza upya na wageni.

Na kwetu huku shida ni kubwa zaidi, kwa sababu watu hawakai. Mchimbaji mdogo akisikia dhahabu imetoka kwingine, anahama. Leo kuna maduara, makarasha, mama ntilie na vibanda vya wakala. Wiki mbili baadaye rashi imehamia wilaya nyingine, yamebaki mashimo na marudio. Mgombea anayetegemea mkutano anafahamiana na uwanja, hafahamiani na watu. Namba ya simu nayo inapotea, laini inabadilishwa, simu inaibiwa. Anwani ya barua pepe inaweza kumfuata mtu Nyarugusu, Mgusu, mpaka Chunya akitaka.

Najua mnachotaka kusema. Nani anasoma barua pepe Katoro?

Swali zuri. Jibu la kwanza: simu janja nyingi unazoziona pale zina anwani tayari. Kijana wa kibanda cha simu aliifungua siku ya kununua simu, akaweka neno la siri analolijua yeye, mwenye simu hana habari. Kazi ya kwanza ya mtu wa kampeni ingekuwa kukaa na watu hao na kuwasaidia kuimiliki anwani yao wenyewe. Hata kura usipopata, umefanya jambo la maana. Jibu la pili: walimu, wauguzi, watendaji, wafanyakazi wa migodi na wanafunzi wa vyuo wanazisoma. Na mtu mmoja akisoma, wengi husikia. Si ndivyo gazeti lilivyosomwa vijijini, msomaji mmoja na wasikilizaji kumi? Barua ya ukurasa mmoja mtu ataichapa stationari na kuibandika kwenye karasha.

Mtasema tena: intaneti ikizimwa? Ni kweli. Tarehe 29 Oktoba 2025 ilizimwa nchi nzima, na barua pepe ilizimika pamoja na vingine vyote. Siwadanganyi. Lakini barua uliyoipata wiki iliyotangulia inaweza kubaki kwenye simu, na orodha iliyoandikwa kwenye karatasi haiendeshwi na bando. Mtandao uliporudi, X ilikuwa imefungwa tangu Mei, na wanasiasa waliojenga nyumba yao yote humo wakabaki wanawatafuta watu wao.

Pingamizi linaloninyima usingizi ni jingine. Katika safari ya mwisho, Katoro, nilimkuta mama mmoja anauza vitenge pembeni ya uwanja. Kijana wa kampeni alimpelekea daftari aandike jina na namba. Mama akafuta mikono, akalitazama, akauliza: "Baba, jina langu nikiliandika humo, litasomwa na nani?"

Kijana hakuwa na jibu. Mama akamrudishia kalamu yake.

Yule mama alikuwa na haki. Orodha ya majina ya kisiasa ni kitu cha hatari, na katika nchi yetu ya sasa sihitaji kueleza kwa nini. Kenya, Juni 2021, watu walifungua mfumo wa msajili wa vyama wakakuta wameandikishwa uanachama wa vyama wasivyovijua. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini sheria peke yake haimtulizi mama wa Katoro. Kwa hiyo chama kinachotaka orodha kiwe na masharti yake na kiyasome kwa sauti uwanjani: tunachukua anwani tu. Hatutaki namba ya kadi ya kura wala jina la balozi wako. Wanaoishika orodha ni watu wawili na hawa hapa. Ukitaka kutoka, unatoka leo. Chama kisichoweza kumjibu mama huyo hakistahili anwani yake, na nathubutu kusema hakistahili hata kura yake.

Halafu kuna barua yenyewe. Mwaka 2008 kampeni ya Obama ilikusanya anwani za barua pepe takriban milioni 13, na tangu hapo kila mwanasiasa wa Marekani ana orodha. Lakini tazama walichoifanyia: kila siku makelele, changa sasa, muda unakwisha. Hayo ni matangazo ya mnada, tusiyaige. Barua tunaijua sisi. Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake kwa miaka mingi, na barua hizo zimekuwa kitabu. Nyerere aliandika Tujisahihishe mwaka 1962, kijitabu kifupi, akikikosoa chama chake mwenyewe wakati kipo madarakani. Hiyo ndiyo sauti ninayoitaka: ya mtu anayejua anamwandikia nani.

Mgombea wa Geita aandike maneno 600 kuhusu ushuru wa huduma, ile sehemu ya mapato ya mgodi inayoingia halmashauri: imejenga nini, na nani aliamua. Wa Kahama aeleze mji unaishije baada ya Buzwagi kufungwa. Wa Kishapu azungumzie bwawa la tope la Mwadui lililopasuka Novemba 2022, na mashamba yaliyofunikwa. Jukwaani mambo haya hupita kwa kibwagizo na vigelegele. Kwenye barua sentensi inataka kiarifu, na hoja inataka mwisho.

Na hapa ndipo nawashitaki. Wanasiasa wetu hawaachi kuandika kwa sababu wananchi hawasomi. Wanaacha kwa sababu barua ni ushahidi. Hotuba ikishasahaulika utasema hukusema hivyo, ulinukuliwa vibaya, mwandishi alikuwa na lake. Barua yenye jina lako, niliyonayo mimi na mwalimu wa Masumbwe na mwenye duara wa Mgusu, itakufuata mpaka 2030.

Mimi mwenyewe nimeandika anwani yangu kwenye madaftari ya wagombea watatu, wa vyama tofauti, kwa mwandiko wa kusomeka. Nafungua kikasha changu kila asubuhi. Mpaka leo sijapata barua hata moja.