Mkono Mtupu Haulambwi

Kila semina ya vijana hapa Juba lazima asimame mtu aseme: "Vijana wa siku hizi hawana moyo wa kazi." Juzi alisimama mwenye biashara ya kupeleka chakula majumbani. Eti waendeshaji wake hawajitumi. Leo wako kwake, kesho wamezima simu, wako Konyo Konyo wanabeba abiria. Watu wakatikisa vichwa. Mimi sikutikisa.

Namjua kijana aliyemfanyia kazi bosi wa aina hiyo. Pikipiki kakodi, petroli juu yake, bando juu yake. Siku ya mvua akateleza njia ya Gudele, akavunjika mkono. Akapiga simu. Swali la kwanza: "Chakula kimemwagika?" Swali la pili halikuja. Alipoomba hela ya hospitali akaambiwa yeye si mfanyakazi, ni "mshirika".

Haya. Mshirika gani huyo asiyeonja faida, anagawiwa hasara tu? Na kama si mfanyakazi, huo moyo wa mfanyakazi unamdai kwa deni gani?

Si Juba peke yake. Desemba 2023 Jumia walitangaza kufunga Jumia Food Kenya, Uganda na kwingineko, na mwezi ulipoisha huduma nayo ikaisha. Sikusikia mtu akisema kampuni haina moyo. Kampuni ikiondoka ni biashara, kijana akiondoka ni utovu wa nidhamu! Uingereza, madereva walipeleka Uber mahakamani, na Februari 2021 Mahakama ya Juu ikakataa ile hadithi kwamba wamejiajiri wenyewe. Ikasema ni wafanyakazi, wana haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo.

Mtaniambia Juba biashara ni ngumu, pauni inashuka. Kweli kabisa. Lakini mafuta yakipanda, mfuko wa nani unatoboka?

Sisi wakimbizi ndio tunaonyamaza zaidi. Bado tunasimuliana Agosti 2013, serikali ilipopiga marufuku wageni kuendesha boda. Mtu anaogopa akilalamika ataulizwa karatasi. Bosi anaujua huo woga, na anaula kama faida.

Na sisi viongozi wa vijana tusijifiche. Mimi mwenyewe nimefundisha "kujituma" mara ngapi? Kudai mkataba sijafundisha hata siku moja, na nchi hii ina Sheria ya Kazi tangu 2017.

Nendeni stendi ya boda mkajifunze. Mmoja akianguka, mwenyekiti anazungusha kofia, jioni hela iko hospitali. Huyo mwenyekiti akipiga simu, hakuna anayeizima.

Kwa hiyo semina ijayo, akisimama mtu kulia kuhusu moyo wetu, tumuulize matatu tu: Petroli analipa nani? Hospitali analipa nani? Mkataba uko wapi? Akijibu, tutazungumza habari za moyo.