MGONJWA WA NYUMBANI ASISAHAULIWE



Mwaka 2020, wakati wa Korona, Serikali ya Kenya iliruhusu wagonjwa wasiozidiwa watunzwe nyumbani. Hatupingi, vitanda ni vichache. Lakini kumtunza mtu nyumbani si kumtupa nyumbani.

Ugonjwa ule una hila: oksijeni hupungua katika damu na mwenyewe asihisi lolote. Kwa hiyo Uingereza, mwishoni mwa mwaka huo, madaktari wa mitaa waliwapa wagonjwa kipimo kidogo cha kubana kidoleni, wakawafuata kwa simu. Hesabu ikiwa 95 au zaidi, vyema. 93 au 94, apigiwe daktari. 92 kushuka chini, hospitali mara moja. Tena ijulikane kwamba kipimo hicho huweza kuzidisha hesabu kwa mtu mweusi. Namba peke yake haitoshi. Lazima mgonjwa aulizwe hali.

Sisi wa reli twajua: gari haliachwi njiani bila stesheni kujua lilipo. Basi twataka kila dispensari ya wafanya kazi iwe na vipimo vya kuazima, na nesi wa kupiga simu kila siku. Na mshahara wa mgonjwa usikatwe. Ukikatwa, atarudi kazini akikohoa, atuambukize sote.